Tundu la Jumapili

Mvua ilipoanza tena, Jolame aliacha chai yake mezani, akatoka kwenda kulitazama gari. Alifungua mlango, akainamisha shingo, akaangalia dari, akapapasa magazeti aliyoyatandika sakafuni. Makavu. Mvua inapiga paa kama ina deni nalo, na ndani pakavu kama kabati la mchungaji. Alifunga mlango kwa hasira, akarudi kwenye chai, akainywa funda moja, akatoka tena. Ndivyo alivyoumbwa. Akiwa na jambo moyoni, hakai hasimami. Mke wake, ambaye wakati huo alikuwa mjini Suva kwa binti yao aliyejifungua, alizoea kusema kwamba yeye ameolewa na feni.

Mvua yenyewe haikuwa habari. Kijiji chao cha Navatudina kiko upande wa upepo wa kisiwa cha Taveuni, huko Fiji, na mtu akianika nguo huko anabahatisha tu. Habari ilikuwa Jumatano. Siku hiyo madaktari wa macho walikuwa wanafika hospitali ya Waiyevo, na wakishaondoka hawaonekani tena mpaka mwaka mwingine. Mama yake Jolame, Bi Laniana, jicho lake la kulia lilikwisha kufa zamani. La kushoto lilikuwa na ukungu mzito hata akawa anawatambua wanawe kwa kukohoa kwao. Mwaka uliopita madaktari walipokuja, yeye alikuwa ameketi kando ya maiti ya mumewe, na nani angethubutu kumwinua pale? Safari hii nesi alimwambia Jolame waziwazi, "Usimngojeshe tena. La kulia lilikwenda hivi hivi, kwa kungoja."

Na Bi Laniana alikuwa amekataa kupanda gari.

"Sipandi," alisema asubuhi ile, miguu ameinyoosha mkekani, anachambua majani ya magimbi kwa kupapasa. "Baba yenu ananitemea mate."

"Mama, ni maji ya mvua."

"Maji ya mvua huanguka ovyo. Haya yananilenga. Katikati ya utosi! Mara ya kwanza nilijifuta. Mara ya pili nikamwomba radhi. Mara ya tatu nikasema basi, Waisake, kama bado una kinyongo na mimi, kaa na gari lako."

"Basi twende na gari la jirani yetu Shiu. Zuri, lina kiyoyozi."

"Ehee! Nipite barabarani na gari la Shiu, na la mume wangu limekaa uani? Watu wataniuliza nimefiwa au nimeachwa."

Basi la abiria nalo alilikataa kwa sababu hiyo hiyo. Alipoletewa mwavuli aufungue humo humo ndani ya gari, aliurusha nje ya dirisha. Kofia ya plastiki hakuna aliyethubutu kumtajia, maana kichwa cha mzazi si kitu cha kuvalishwa valishwa na watoto. Kwa hiyo mambo yote yaliishia kwenye tone moja la maji. Tone likizibwa, mama anakwenda kwa daktari. Lisipozibwa, jicho linakwenda na maji. Wahenga walisema ndo ndo ndo si chururu, lakini wahenga hawakuwa na mama kama Bi Laniana.

Gari lilikuwa pikapu ya zamani, yenye kiti kimoja kirefu mbele na rangi ya bluu iliyochujuka. Marehemu Waisake aliinunua mwaka ambao magimbi ya Taveuni yalianza kupanda meli kwenda New Zealand, kila mkulima akajiona waziri. Yeye mwenyewe hakupenda usukani. Jolame ndiye aliyekuwa dereva tangu ujana, baba ameketi kando yake, na nyuma ni magunia na watu. Baba alipofariki, mama akakihamia kiti cha baba, na hapo ndipo alipoanza kutemewa mate.

Kila mtu kijijini alijua maji yanapita wapi, isipokuwa gari lenyewe halikukubali. Mchungaji alisema ni raba ya kioo cha mbele. Jolame akaizungushia silikoni mpaka kioo kikaota masharubu. Maji yakaja. Wengine wakasema ni milango. Akabadilisha raba za milango. Maji yakaja. Akazibua mifereji iliyo chini ya kioo, akatoa majani makavu kikapu kizima na mjusi mmoja aliyekuwa amejenga humo. Maji yakaja. Mwishowe alifanya kama mafundi wenyewe wanavyofanya: akapaka poda ya mtoto pembe zote za kebini ili aone mchirizi, akachukua mpira wa maji, akalimwagia gari kuanzia chini kupanda juu, pole pole, sehemu kwa sehemu. Poda ikabaki nyeupe, haijaguswa. Jolame akaimba siku nzima. Kesho yake akapakia magunia na abiria, na alipofika kwenye kona ya mteremko wa kuelekea bandarini, tone likaanguka pale pale, juu ya kiti cha mama.

Hilo ndilo lililomtoa akili. Gari likisimama uani, hata ulibatize halivuji. Likibeba watu, linavuja. Mtu mzima na ndevu zake alianza kulitazama gari kwa jicho la kuibia, kana kwamba linamcheka.

Aliyekuwa anacheka kweli ni Apenisa. Apenisa alikuwa mume wa Vasemaca, dada yake Jolame, na kwa hiyo alikuwa shemeji yake na mtani wake, wa utani ule usio na mwisho wala huruma. Apenisa aliweza kuingia kwa Jolame akachukua shati kambani akalivaa. Jolame aliweza kumwambia Apenisa mbele ya watu kwamba mama yake alimwokota sokoni. Hakuna anayekasirika. Na hakuna anayeamini lolote, maana neno la mtani ni upepo.

"Shemeji," Apenisa alikwisha kumwambia miezi iliyopita, amekaa juu ya boneti anakula muwa, "mke wangu anasema gari lako analitoboa yeye."

"Na wewe amekutoboa wapi? Kichwani, naona, maana akili zote zimevuja."

"Nakwambia kweli. Anasema akisimama nyuma, ndipo linapovuja."

"Basi mwambie apunguze kula."

Wakacheka mpaka Apenisa akapaliwa na muwa. Alirudia kusema mara nyingine, na mara nyingine tena, kila mara Jolame akapata jibu bora kuliko la kwanza. Yalikuwa majibu mazuri sana. Baadaye Jolame alipoyakumbuka alitamani kujipiga makofi.

Maana Vasemaca mwenyewe hangeweza kumwambia. Kaka na dada wakishakua hawasemezani uso kwa uso, wala hawaketi kiti kimoja. Si ugomvi. Ni heshima, na ni mwiko, na jambo lolote lililo kati yao hupitia kwa mtu wa tatu. Ndiyo maana tangu usichana wake Vasemaca alipanda nyuma, jua au mvua, amesimama ameshika chuma kilichofungwa juu ya paa la kebini. Akitaka kushuka aligonga paa mara moja: simama. Akishapanda aligonga mara mbili: twende. Kwa miaka yote hiyo, hayo ndiyo maneno ambayo ndugu hawa wawili walikuwa wameambiana, na Jolame angeweza kuutambua mkono wa dada yake kati ya mikono mia inayogonga bati.

Jioni ya siku ile ile, Jumamosi, mvua imepungua kidogo, Jolame yumo ndani anazunguka kati ya mlango na dirisha, akamwona Apenisa anakuja. Hakupiga kelele njiani kama kawaida yake. Amevaa shati la kanisani. Alivua viatu, akaingia ameinama, akaketi chini kabisa, karibu na mlango, mahali pa mgeni. Kisha akaweka mbele yake mzizi wa yaqona, ule wa kinywaji cha heshima unaoletwa mtu akiwa na ombi zito, mkubwa, na udongo bado unaung'ang'ania, akapiga makofi kwa viganja vilivyokunjwa, yale makofi mazito ya heshima.

Jolame akaanza kutabasamu. Alijua utani wa mwaka unakuja.

"Nimetumwa na mwenye nyumba yangu, mzaliwa wa nyumba hii," Apenisa alisema, macho yako kwenye mkeka. "Mzizi huu ni mdogo. Anaomba radhi kwa kaka yake na kwa mama yake."

"Amekuchoka, anataka kukurudisha dukani?"

Apenisa hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Shemeji, usinifanye..." akaanza.

Jolame akaangua kicheko. Alipiga paja lake, akasema hajawahi kuona mchezo mtamu kama huu, na viatu amevua, na shati la kanisani! Ndipo sauti ya Bi Laniana ikatoka nyuma ya pazia.

"Jolame! Funga mdomo. Mtu ameleta mzizi."

Hakuna mtani duniani anayetania na mzizi umelala mkekani, na Jolame alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Aliona aibu hata masikio yakawaka. Akauvuta mzizi, akaugusa, akapiga makofi. Ukishaugusa umesikia, na huwezi tena kujifanya hukusikia.

"Sema," akasema.

Apenisa akasema. Kile chuma cha juu ya paa kimelegea. Gari likienda na Vasemaca amekishika, kinanyanyuka kwenye kila kona, na kikinyanyuka maji yanayosimama juu ya paa yananywewa kwenye tundu la bolti. Yeye yuko juu pale, anayaona yakizama. Gari likisimama bila mtu, chuma kinajilaza na kuziba tundu lake chenyewe. Alijua tangu zamani. Alimtuma mumewe aseme, na mumewe alisema, lakini kwa mdomo wa mtani.

"Na kwa nini hakuniambia mimi?" Bi Laniana akauliza pale pale nyuma ya pazia. "Mimi si mama yake? Mimi nimekatazwa kusema naye?"

Apenisa alijikuna shingo. "Aliogopa, Mama. Alijua utaamuru kikatwe siku hiyo hiyo. Na kile chuma aliwekewa na baba yake. Lakini sasa anasema, kama ni kuchagua jicho lako au kile chuma, kikatwe. Ndiyo maneno aliyonituma."

Jolame alimsikia mama yake akipumua.

"Chuma cha Jumapili," akasema hatimaye. "Nilimwambia Waisake. Nilimwambia kitatutokea puani."

Habari ile Jolame hakuhitaji kusimuliwa. Siku za mwanzo nyuma ya gari hapakuwa na kitu cha kushika. Jumamosi moja Jolame, kijana na mguu mzito, alikata kona ya mteremko kwa kasi, na Vasemaca akatupwa nje kama gunia. Mfupa wa bega ukavunjika. Usiku baba hakulala, maana Jumatatu binti alitakiwa arudishwe hospitali kwa gari lile lile. Basi Jumapili mchana, watu wako kanisani, Waisake alitoa drili. Wimbo ukafika ubeti wa tatu na mlio wa drili ukaingia kati, kanisa zima likasikia, na aliyekuwa anatoboa ni mzee wa kanisa. Mkewe alikaa mbele, uso umemwiva kwa aibu. Hawakusemezana siku nyingi baada ya hapo, na neno la puani alilirudia kila walipogombana, mpaka mwisho.

"Naanza sasa hivi," Jolame akasema, tayari amesimama. "Bado kuna mwanga."

"Huna hata gundi ya kuzibia, uliimaliza yote kwenye masharubu," Apenisa akasema, na hapo alikuwa amerudi kuwa yule yule.

"Basi kesho..."

"Kesho Jumapili," mama akasema. "Ukigusa spana kesho, Jolame, siendi hata wakinifuata kwa ndege. Baba yako ametosha."

Jumapili ile ilikuwa ndefu kuliko zote alizopata kuziona. Hakuna kazi, hakuna safari, hakuna kelele. Spana zimelala kwenye sanduku lake umbali wa hatua chache na yeye haruhusiwi hata kuzipangusa. Kanisani alikaa upande wa wanaume, magoti yakimchezacheza mpaka jirani akayashika kwa mkono. Upande wa wanawake alimwona dada yake kwa mgongo. Bega moja liko chini kidogo ya jingine. Alikuwa ameliona bega lile miaka yote na hakuwa amelitazama. Moyo ulimuuma, wacha niseme wazi, ulimuuma sana, na mahubiri yote yalipita juu ya kichwa chake. Mchana alikula magimbi na samaki wa tui la nazi bila kujua anakula nini, kisha akatoka, akasimama kando ya gari, mikono ameifunga nyuma asije akajisahau. Jirani mmoja alimpita na kumwuliza kama gari limefariki.

Jumatatu kabla ya kifungua kinywa, kitambaa cha dari kilikuwa tayari kimetolewa. Kilikuwa kimeoza kwa ndani. Jolame alilala chali kwenye kiti, tochi mkononi, bati tupu mbele ya pua yake. Nati mbili zilionekana upande wa nyuma, zimejaa kutu. Nje Apenisa alimwaga maji kwa mpira.

"Vipi huko?"

"Pakavu."

"Mama watoto," Apenisa akaita, "panda mahali pako."

Gari likashuka kidogo kwa nyuma. Jolame akasikia nyayo za dada yake, halafu chuma kikilia alipokishika. Halafu akagonga mara mbili. Twende. Apenisa akaruka juu ya bampa ya nyuma na kuanza kulitikisa gari huku akiimba nyimbo za mavuno, mpira wa maji ameuelekeza juu ya paa. Tone likatokea kwenye nati ya kushoto. Likanenepa. Likatambaa kwenye bati, likafuata mteremko wa uani kuja mbele, likafika juu ya kiti cha mama na kuachia. La pili lilikuja na wenzake, sasa ni chururu kamili, likamwingia Jolame mdomoni.

Alikohoa, akacheka, akatema. Alitaka kupiga kelele kwamba ameliona, lakini aliyehitaji kuambiwa ndiye asiyeweza kumwambia. Basi akainua ngumi, akagonga bati kwa ndani. Mara moja. Simama.

Tangu ujana wao, yeye ndiye aliyekuwa akigongewa. Kisha akamsikia Vasemaca akicheka, kicheko cha kike cha kujizuia kisichozuilika, kicheko ambacho hakuwa amekisikia kwa karibu hivyo tangu walipokuwa wanaoga mtoni uchi. Jolame alibaki amelala pale, maji yanamtiririkia shingoni, akaona haya kufuta uso.

Waliliingiza gari kwenye banda la zamani la kukaushia nazi, makalio yake yakabaki nje. Bolti zilikataa kufunguka, zikapakwa mafuta, zikapigwa, zikatukanwa na Apenisa hadi kizazi cha tatu, zikafunguka. Chuma kikatoka. Chini yake matundu ya Waisake yalikuwa yameliwa na kutu hata kidole kikapita. Jolame aliyasugua mpaka bati likang'aa, akapaka dawa ya kutu.

"Sasa ziba moja kwa moja," Apenisa akasema. "Kata bati, gandisha, paka rangi, kwisha. Mwenyewe amesema kikatwe."

Lilikuwa shauri la maana. Tundu lisilokuwepo halivuji. Jolame alikigeuza chuma mikononi mwake. Rangi ilikuwa nzima kila mahali, isipokuwa upande wa kushoto. Pale, kwa upana wa kiganja, hapakuwa na rangi, na chuma kimelainika kiasi cha kuteleza. Ni mkono wa mtu mmoja uliofanya kazi ile. Akakiweka chini, akazunguka banda, akarudi, akakichukua tena.

"Kinarudi," akasema.

"Una wazimu? Kikivuja Jumatano, mama atashuka njiani."

"Nimesema kinarudi."

"Haya bwana. Jicho si la mama yangu, nisije nikasema sana."

Neno lile lilimchoma Jolame, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikata mpira mnene kutoka buti lake zima la mvua, si lile bovu, akatoboa vipande vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Alikata mabamba mawili ya chuma yakae ndani ya dari ili nguvu isiliangukie bati peke yake. Gundi mpya, aliyoinunua asubuhi ile, akaipaka kila mahali, akakaza nati kwa vidole tu, akaiacha ishike. Jumanne alikaza kwa spana, nusu mzunguko, akangoja, nusu nyingine. Katikati ya hapo alikwenda kuangalia kama gundi imekauka mara nyingi hata ikashangaza kwamba ilikauka. Alishona hata kitambaa kipya cha dari kutoka pazia la mkewe, jambo ambalo lingehitaji mzizi wake lenyewe mke akirudi.

Jumatano mvua ilikuwa imekaa sawasawa. Bi Laniana alitoka amevaa gauni lake refu la rangi ya zambarau, amepaka mafuta nywele zake nyeupe, anaongozwa na Vasemaca. Kwenye mlango wa gari akasimama.

"Tone moja," akasema. "Tone moja, narudi kwa miguu."

"Sawa, Mama."

"Na huyu anakaa ndani, anishike mkono. Mimi siwaoni hao wauguzi."

Jolame na dada yake wakatazama chini, kila mtu kwake.

"Mmekuwa mawe? Mimi nitakaa katikati. Nitakuwa ukuta. Ukuta wenye meno. Pandeni."

Wakapanda, Jolame kwenye usukani, mama katikati, Vasemaca dirishani. Lakini Jolame alijua kwamba gari bila mtu nyuma si ushahidi. Chuma bila mkono hakivuji. Angeweza kunyamaza, mama akafika mkavu, na hakuna ambaye angejua. Alitoa kichwa dirishani.

"Shemeji! Panda nyuma ushike chuma. Ning'inia kabisa."

"Kwa mvua hii?"

"Wewe si bata? Mama yako aliniambia."

Apenisa, ambaye ni mzito mara mbili ya mkewe, akapanda akilaani, akagonga paa mara mbili kwa nguvu za tembo. Wakaondoka. Barabara yote aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pili, na kila kwenye kona sauti ilikatika maana alikuwa amening'inia. Bi Laniana alikaa wima, uso ameuinua kidogo, anangoja. Vasemaca alimshika mkono. Walipofika kwenye kona ya mteremko, Jolame alikaza usukani hata vidole vikafa ganzi. Gari likalala upande. Chuma kikalia juu. Maji yalisikika yakikimbia kwenye paa kutoka nyuma kwenda mbele, yakamwagika juu ya kioo kwa wingi, waipa zikayafuta.

Hakuna kitu kilichoanguka.

Barabara iliponyooka, mama akaielekezea dari jicho lake bovu.

"Haya, Waisake," akasema. "Umenyamaza. Na mimi nimenyamaza." Akapapasa goti la Vasemaca, akalipiga piga. "Ulikuwa umefanya vizuri, mzee. Lakini Jumapili bado ni Jumapili."

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Wakalala kwa jamaa wa Somosomo, kijiji kilicho karibu, jicho limefunikwa kwa bandeji, na Alhamisi asubuhi nesi akaibandua. Bi Laniana alitoka mlangoni mwa wodi akitembea mwenyewe, pole pole, akigusa ukuta kwa mazoea tu. Hakusema anaona nini. Apenisa alikuwa amepanda nyuma tayari. Wakaingia kwenye gari vile vile, yeye katikati. Jolame akaweka ufunguo.

Hapo mama akageuka kulia, akamtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu, kipara chake, ndevu zake, mikunjo iliyo kando ya macho. Akageuka kushoto, akamtazama binti yake, akainua mkono akazigusa nywele zilizo juu ya sikio.

"Loo," akasema taratibu. "Mmeota mvi, wanangu. Nyote wawili. Nani amewazeesha mimi sipo?"

Akamgeukia tena mwanawe.

"Jolame, umemwona dada yako? Mtazame. Ana uso wa baba yenu."

Jolame akatazama, juu ya kichwa cheupe cha mama yake. Ilikuwa kweli. Ulikuwa uso wa baba mtupu, umekaa dirishani, macho yamejaa machozi, unatazama magoti yake. Alitaka kusema jambo. Lilikuwa jambo kubwa, lilikuwa la kona ile na bega lile, na halikuwa na mtu wa tatu wa kulipitisha. Akawasha gari. Mkono ukakaa juu ya gia, haukwenda popote. Injini inanguruma, mvua inanyesha, abiria mmoja nyuma ananung'unika kwa baridi, na Jolame, mtu ambaye hakupata kukaa kitako, amekaa tuli, wala hana haraka ya kwenda kokote.

"Mbona hatuondoki?" mama akauliza.

Vasemaca akainua mkono wake, akagonga paa kwa ndani. Mara mbili.

Jolame akaingiza gia.